Tairi Limegoma Kukaa Kwenye Habu: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku

Maswali haya yametoka kwa wenye magari, madereva na utingo wanaopita kwenye kibanda changu cha tairi hapa Mtwara mjini. Mengine yamekuja kwa simu, mtu amekwama Tandahimba au njia ya Liwale, gari liko juu ya jeki na tairi mkononi. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayotokea mara chache. Kama uko barabarani sasa hivi, soma swali la 2 na la 3 kwanza, mengine utayasoma ukifika.

## Mambo ya msingi

1. Tunaposema tairi "limekaa", tunamaanisha nini?

Habu ni kile kitako cha chuma kinachozunguka, ambacho tairi hufungwa juu yake. Kina uso bapa, kina stadi zilizochomoza (vile vyuma vyenye thredi vinavyopokea nati), na katikati kina mdomo wa duara uliotokeza kidogo. Rimu nayo ina uso bapa kwa nyuma, matundu ya stadi, na tundu kubwa katikati.

Tairi limekaa pale uso wa rimu unapolala bapa juu ya uso wa habu pande zote, bila mwanya, kwa kusukuma kwa mikono tu. Mikono, si spana. Magari mengi ya Kijapani tunayotumia huku yameundwa ili mdomo wa habu uiweke rimu katikati kabisa, kisha nati ziibane. Nguvu inayobeba gari ni ule mbano kati ya nyuso mbili. Pakiwa na mwanya hata wa unene wa shilingi, mbano haupo; stadi ndizo zinazobeba kila kitu, na stadi hazikutengenezwa kubeba gari kwa kupindwa huku na huku.

2. Tairi linagoma. Nianze kuangalia wapi?

Usihangaike nalo likiwa limening'inia. Litoe, lilaze chini, kisha angalia kwa mpangilio huu, maana unaanza na sababu za bure na kumalizia na zile za gharama.

Angalia kwanza kama gari limeinuliwa vya kutosha (swali la 9). Halafu pitisha kidole kwenye uso wa habu na mdomo wake: kuna udongo ulioganda, kutu, jiwe dogo, au kipete cha plastiki kilichobaki (swali la 6 na la 12)? Geuza rimu uangalie nyuma yake vivyo hivyo. Tazama stadi moja moja kama kuna iliyopinda au yenye thredi zilizosagika (swali la 16). Kama vyote viko safi na tairi bado halifiki mwisho, basi rimu hiyo si ya gari hilo, na majibu yako ni swali la 4, la 5 na la 14.

Kuna jambo moja watu hulisahau kwa haraka: rimu iliyogeuzwa nyuma mbele. Nimeona usiku, tochi ya simu imeshikwa kwa meno, mtu anasukuma tairi uso ukiwa ndani.

3. Siwezi kuzikaza nati tu zilivute tairi mpaka mwisho?

Hapana. Hili ndilo kosa linaloleta hatari kuliko yote katika ukurasa huu, na watu hulifanya kwa sababu linaonekana kufanya kazi.

Nati ikivuta rimu iliyokwama kwenye kutu au iliyopanda juu ya mdomo wa habu, rimu inaingia imeinama upande mmoja. Mkono unahisi ugumu na unaamini nati imekaza, kumbe ugumu ule ni wa rimu kukwama. Unatembea kilomita chache, mtikisiko unaisawazisha rimu, na ghafla nati zote ziko legelege. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimfungia mzee mmoja tairi namna hiyo, mvua inanyesha, ana haraka ya kufika Masasi. Alipofika Mingoyo stadi mbili zilikuwa zimekatika. Alisikia mlio akasimama kwa wakati, ndiyo maana aliweza kunipigia simu mwenyewe. Tangu siku ile sikazi nati ya gari la mtu kabla sijapitisha kidole nyuma ya rimu kuangalia mwanya.

Nati ya kwanza izungushe kwa vidole. Ikienda kwa vidole mpaka kugusa rimu, na rimu haichezi, endelea. Ikigoma kwa vidole, kuna tatizo, na spana italificha tu.

4. Matundu yanalingana na stadi vizuri, lakini tairi linabaki nje kidogo. Kwa nini?

Mara nyingi ni tundu la katikati. Idadi ya stadi na nafasi zake zinaweza kulingana kati ya magari mawili, lakini mdomo wa habu ukawa tofauti. Rimu yenye tundu dogo haiwezi kupita juu ya mdomo mkubwa, hata ukipiga.

Mifano ninayokutana nayo zaidi ni hii. Toyota Vitz na Nissan March zote zina stadi 4 zenye nafasi ya milimita 100. Lakini mdomo wa habu ya Vitz ni milimita 54.1, wa March ni 60.1. Rimu ya Vitz kwenye March haitaingia kamwe. Premio na Subaru Forester za zamani zote ni stadi 5 kwa 100, lakini Toyota ni 54.1 na Subaru ni 56.1, milimita mbili tu, na zinatosha kukulaza njiani. RAV4 na X-Trail zote ni 5 kwa 114.3, lakini RAV4 ni 60.1 na X-Trail ni 66.1. Kwa hiyo jirani mwenye RAV4 hawezi kukuazima tairi lake la akiba ukiwa na X-Trail, hata kama mmelinganisha matundu mkaona yako sawa.

Kinyume chake ndicho kinachodanganya. Rimu ya X-Trail kwenye RAV4 itaingia bila kugoma, ila tundu linapwaya, na rimu haina kinachoiweka katikati. Soma swali la 12.

5. Nitajuaje nafasi ya stadi bila kupeleka gari kwa fundi?

Wauzaji wa rimu huiita PCD: ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi zote. Kwa stadi 4 au 6 ni rahisi, pima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo. Vitz na Passo utapata 100. Hilux, Prado na Hiace utapata 139.7.

Stadi 5 hazitazamani, kwa hiyo pima za jirani, katikati hadi katikati. Ukiona katikati kunasumbua, pima kutoka ukingo wa kushoto wa moja hadi ukingo wa kushoto wa inayofuata, ni kipimo kilekile. Ukipata milimita 58.8 basi PCD ni 100, ukipata 65.8 ni 112, 67.2 ni 114.3, 70.5 ni 120, na 88.2 ni 150. Kwa namba yoyote nyingine, zidisha kwa 1.7 utakuwa karibu sana.

Tumia rula ya chuma au vernia. Tepu ya fundi cherehani inavutika, na hapa milimita moja ina maana yake (swali la 13).

## Kutu, chumvi na udongo wetu

6. Tairi ni lilelile, rimu ni ileile, gari ni lilelile. Mbona sasa haliingii?

Kwa magari ya pwani hili ndilo swali la kwanza kwa wingi. Upepo wa baharini unabeba chumvi, na gari linalolala Shangani, Mikindani au Kilwa Masoko linaota kutu kwenye habu hata kama halitembei. Kutu ya chuma huvimba: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilivyokuwa. Mwanya kati ya mdomo wa habu na tundu la rimu ni mdogo sana, ni sehemu ya milimita, kwa hiyo tabaka jembamba tu la kutu linauziba.

Rimu za alumini zina yao. Chumvi ikikutanisha alumini na chuma, alumini huota unga mweupe mgumu ndani ya tundu la katikati. Unga huo ndio unaoifanya rimu igome, na wengi hawaupangusi kwa sababu wanadhani kutu lazima iwe nyekundu.

Magari ya juu, Newala na Tandahimba, yana shida nyingine: udongo mwekundu. Masika ukipita umelowa, unaingia nyuma ya rimu, kisha jua linaukausha ukawa kama tofali. Tairi linatoka na kipande cha udongo kinabaki kwenye habu.

Dawa ni moja kwa zote. Brashi ya waya kwenye uso na mdomo wa habu, msasa kwa ile kutu iliyokomaa, kisha brashi tena. Nyuma ya rimu vivyo hivyo, hasa mzunguko wa tundu la katikati. Kama huna brashi njiani, kisu butu au kipande cha bati kitakwangua vya kutosha kukufikisha, na kazi nzuri utaimalizia nyumbani. Usikwangue alumini kwa nguvu ukaichimba. Unatoa unga, hutoi rimu.

7. Nipake grisi ili lisigome tena?

Pakaza kidogo mno, kwenye mdomo wa habu tu, kama unavyompaka mtoto mafuta usoni: ing'ae, isitiririke. Hiyo inatosha kuzuia kutu kwa msimu mzima.

Usipake kwenye uso bapa unaobanwa, wala kwenye pale nati inapokaa. Thredi za stadi nazo ziache kavu na safi, isipokuwa kitabu cha gari lako kimesema vingine. Thredi yenye grisi inateleza, na ukiikaza kwa nguvu uliyozoea unaivuta stadi kupita kiasi bila kujua. Na oili chafu iliyojaa kwenye chupa za gereji isikaribie kabisa. Ikifika kwenye diski, breki zako zimekwisha.

8. Na likikataa kutoka?

Ni ugonjwa uleule, upande wa pili. Legeza nati kwa mizunguko miwili, usizitoe. Shusha gari likanyage chini, kisha lisukumeni ubavuni, mkilitikisa kulia na kushoto. Uzito wa gari huachanisha rimu na habu, na nati zilizobaki zinazuia tairi lisikutoke. Likiachia, inua tena, toa nati.

Ukilipiga, piga mpira wa tairi kwa ndani, na nyundo ya mpira au gongo la mti, ukizungusha tairi kati ya pigo na pigo. Nyundo ya chuma kwenye rimu ya alumini ni ufa unaoununua mwenyewe. Na usiingie chini ya gari kulipiga teke likiwa kwenye jeki peke yake. Sukuma kwanza tairi la akiba chini ya ubavu wa gari, jeki ikiteleza gari litaliangukia hilo.

## Ukiwa njiani

9. Nimetoa tairi la pancha vizuri, la akiba haliingii, linagusa chini.

Tairi lisilo na upepo ni fupi. Uliinua gari hadi likaachia ardhi, lakini tairi lenye upepo linahitaji nafasi zaidi chini yake. Inua tena sentimita chache. Kama jeki imefika mwisho, shusha gari juu ya tairi la pancha, weka ubao chini ya jeki, uanze upya. Au chimba kidogo ardhi pale tairi litakapokaa.

Kwenye mchanga, kama ule wa njia ya Msimbati, jeki ndiyo inayozama wakati wewe unadhani gari linapanda. Ubao mpana wa futi moja kwa futi moja ukae ndani ya gari siku zote. Matofali usitumie, yanapasuka ghafla.

10. Habu inazunguka kila nikijaribu kulenga matundu. Nifanyeje?

Vuta breki ya mkono na weka gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki. Zuia kwa mawe tairi la upande wa pili. Kama bado inazunguka, hilo ni tairi lisilovutwa na injini wala kushikwa na breki ya mkono, na njia ni kuizungusha habu wewe mwenyewe: weka stadi moja juu kabisa, saa sita. Kaa chini, weka mguu chini ya tairi, linyanyue kwa unyayo, tundu moja lipate ile stadi ya juu. Tairi likining'inia hapo, mengine hujipanga yenyewe. Kina mama wawili wanaoendesha Noah za abiria Lindi nimewafundisha hivi, sasa wanabadilisha tairi bila kusubiri mtu.

11. Tairi la akiba ni lile jembamba, na mbele halikai.

Yale matairi membamba ya dharura yana rimu ndogo, na kwenye gari lenye breki kubwa za mbele rimu hiyo inagota kwenye kalipa (kile kifaa cha breki kinachobana diski). Hata pale inapoingia, ni afadhali likae nyuma. Kwa hiyo hamisha: toa tairi zima la nyuma lipeleke mbele, kisha lile jembamba lifunge nyuma. Ni kazi mara mbili, lakini mbele ndiko kwenye usukani na ndiko breki inakofanya kazi kubwa.

Mengi yameandikwa ubavuni mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa na upepo wa 60 psi. Upepo huo ni karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na karibu kila moja ninalopima lina nusu yake. Pima kabla ya safari ya Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 500, na kati ya Nangurukuru na Lindi kuna vipande virefu visivyo na fundi.

## Rimu za sport na rimu za kuazima

12. Vipete vya plastiki nilivyovikuta ndani ya rimu vina kazi gani?

Rimu nyingi za sport zinatengenezwa na tundu kubwa la katikati ili ziuzwe kwa magari mengi. Kipete ndicho kinachojaza nafasi kati ya tundu hilo na mdomo wa habu, ili rimu ikae katikati. Bila kipete rimu inapwaya, na usukani hutikisika ukifika mwendo wa kilomita 80 au 90.

Sasa, kipete hicho ndicho kinachokwamisha tairi la akiba. Umetoa rimu ya sport, kipete kimebaki kimeng'ang'ania kwenye habu, na rimu ya chuma yenye tundu dogo inagongana nacho. Hakionekani kirahisi kwa sababu kimejaa vumbi la breki na kimekuwa cheusi kama habu yenyewe. Kibanue kwa bisibisi taratibu, kihifadhi, usikivunje.

Ukivinunua, namba mbili huandikwa: ya nje ni tundu la rimu, ya ndani ni mdomo wa habu. Kipete cha 73.1 kwa 60.1 ni cha rimu ya tundu 73.1 kwenye RAV4, kwa mfano.

13. Muuzaji ameniambia rimu ya 112 itaingia kwenye 114.3 nikilazimisha kidogo. Kweli?

Itaingia, na ndiyo ubaya wake. Tofauti kati ya stadi na stadi ni milimita 1.4 tu, kwa hiyo nati zitashika huku stadi zikipinda kuelekea ndani. Kila mzunguko wa tairi unazipinda na kuzinyoosha. Chuma kinachopindwa hivyo hakitoi taarifa siku kitakapokatika. Irudishe rimu.

14. Rimu imeingia, lakini inagusa kalipa au shokapu. Niweke spesa?

Kwanza jua inagusa wapi. Ikigusa kalipa kwa upande wa duara, rimu ni ndogo kwa breki hizo na spesa haitasaidia. Ikigusa kalipa kwa upande wa mikono ya rimu, au tairi likigusa shokapu, tatizo ni kina cha rimu. Namba yake imechongwa nyuma ya rimu baada ya herufi ET, kwa milimita. ET ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani zaidi. Ikiwa ndogo, inatoka nje.

Spesa, yaani sahani inayowekwa kati ya habu na rimu, husogeza rimu nje, lakini inakula urefu wa stadi. Hesabu mizunguko ya nati: kwa stadi za Toyota za milimita 12 unahitaji angalau 8 kamili, kwa Nissan, Subaru na Suzuki angalau 10, kwa sababu thredi zao ni za karibu zaidi. Zikipungua hapo, ondoa spesa. Zile sahani za alumini zilizokatwa gereji bila mdomo wa katikati mimi sizifungi kwenye gari la mtu yeyote.

15. Nati ni nati tu, au zina tofauti?

Zina tofauti, na mara nyingi tairi linalocheza limekaa vizuri ila nati ndiyo isiyo yake. Rimu za chuma hupokea nati ya koni. Rimu nyingi za alumini za kiwandani za Toyota za miaka ya nyuma hupokea nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Honda za kiwandani hutumia nati yenye kitako cha mviringo kama yai. Koni kwenye tundu la yai inagusa kwa mstari mwembamba tu, inaonekana imekaza, na kesho inalegea.

Thredi nazo (unene wa stadi kwa nafasi kati ya thredi na thredi, kwa milimita): Toyota, Honda na Mitsubishi nyingi ni 12 kwa 1.5, Nissan, Subaru na Suzuki ni 12 kwa 1.25. Nati ya Toyota kwenye stadi ya Nissan inaenda mizunguko miwili hivi kisha inagoma. Ukiongeza spana hapo, umeua vyote viwili.

## Stadi na breki

16. Stadi moja imepinda au thredi zimekufa. Inabadilishwa vipi?

Thredi zilizoumia mwanzoni tu zinaweza kusafishwa kwa dai (kifaa cha kukatia thredi) ya saizi yake. Iliyopinda usiinyooshe, badilisha. Hugongwa itoke kwa nyuma ya habu, na mpya huvutwa iingie kwa nati na washa kadhaa mpaka kichwa chake kigote nyuma. Isipogota, siku chache baadaye itaingia yenyewe na nati yako italegea. Mafundi wengine huchomelea kichwa ili isizunguke. Moto wa kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma cha stadi, na stadi ni bei ndogo, taka uwekewe mpya.

17. Naweza kutembea na nati pungufu?

Kwa stadi 5, ukiwa na nati 4, nenda taratibu hadi fundi wa karibu. Kwa stadi 4, ukiwa na 3, taratibu zaidi, na hapohapo. Njiani ukipoteza nati zote za tairi moja, chukua nati moja moja kutoka matairi mengine matatu. Haya ni ya kufika kwa fundi, si ya kupeleka abiria Nachingwea.

18. Nimebadilisha diski au dramu, sasa tairi halikai.

Diski nyingi hushikwa na tairi lenyewe, kwa hiyo ukiitoa rimu diski inaweza kuzunguka kidogo au kuinama. Funga nati mbili kwa mkono kuishikilia, tazama kama imelala bapa, kisha zitoe. Kama habu ilikuwa na kutu, diski mpya nayo haikukaa, na rimu inarithi kosa hilo. Safisha kama swali la 6.

Angalia pia skrubu ndogo inayoshika diski: kichwa kikichomoza kitaizuia rimu. Na vile vipete vyembamba vya bati ambavyo kiwandani huvisukumia kwenye stadi ili diski isidondoke, rimu nyingine hazina nafasi yake nyuma. Viondoe, havina kazi tena.

Dramu ya nyuma isiyofika mwisho mara nyingi imezuiwa na viatu vya breki vilivyopanuka. Shusha breki ya mkono, rudisha kirekebishi nyuma, dramu itaingia kwa mkono.

## Yasiyotokea kila siku

19. Gari langu la Ulaya halina stadi, lina bolti. Kulenga ni mateso.

BMW, Mercedes-Benz na Volkswagen nyingi ziko hivyo. Tafuta bolti ndefu ya thredi ileile, kata kichwa, ifunge kwa vidole kwenye tundu la juu la habu. Itundike rimu hapo, funga bolti nyingine, kisha toa hiyo na uweke yake. Bolti zisiwe ndefu kuliko za asili, kwa nyuma zinaweza kugonga mitambo ya breki.

20. Nati za Fuso upande wa kushoto hazilegei kabisa.

Malori mengi ya Kijapani yana thredi za kinyume upande wa kushoto: kulegeza ni kuzungusha kama unavyokaza. Tazama mwisho wa stadi, kuna herufi L. Msimu wa korosho hunijia na stadi zilizokatwa na utingo aliyening'inia kwenye bomba akikaza badala ya kulegeza.

Kwa tairi pacha za nyuma zenye nati za ndani na za nje, tairi la ndani hukazwa kwanza kwa nati zake. Kila unapokaza upya, legeza za nje, kaza za ndani, rudisha za nje. Na kabla ya kufunga la nje, angalia udongo uliobanwa kati ya rimu mbili.

21. Land Cruiser yetu ya zahanati haikubali tairi la Land Cruiser nyingine.

Hadtopu za mfululizo wa 70 za kabla ya 1999 zina stadi 6 kwa 139.7, na kuanzia mwishoni mwa mwaka huo zina stadi 5 kwa 150. Sura inafanana, rimu hazibadilishani. Kwa Hilux na hadtopu zenye kufuli za habu mbele, rimu lazima iwe wazi kabisa katikati. Iliyofungwa au yenye kapu itagota kwenye kufuli.

22. Limekaa. Nikaze kiasi gani?

Kaza kwa msalaba au nyota, kidogo kidogo, mara mbili tairi likiwa juu, mara ya mwisho likiwa limegusa chini. Toyota ndogo zinahitaji Newton mita 103: ni sawa na uzito wa kilo 21 ukining'inia mwisho wa spana ya nusu mita. Kuisimamia spana kwa miguu miwili ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, simama uziguse tena nati zote. Ukitoka Mtwara kwenda Lindi, Mingoyo ni mahali pazuri pa kusimama.